Difu ya Pikapu Inayoshuka na Mzigo

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto, mkoani Tanga, ni kilomita 30 na ushei za kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Mombo iko kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, Lushoto mjini inakaribia 1,400. Watu wakizungumzia magari ya huku, utawasikia wakisifia injini inayopanda. Ni kweli kupanda kuna kazi yake, lakini mzigo wetu hauendi juu. Kabichi, viazi, karoti na peasi za Mlalo na Soni zinateremka. Gari linapanda na mifuko michache ya mbolea na kreti za soda, halafu linashuka limejaa mpaka springi zimenyooka.

Dereva anayejua kazi yake hushuka na gia ndogo, mguu hauko kwenye mafuta, injini ndiyo inayozuia. Muda wote huo difu, yale mafungu ya gia katikati ya ekseli yanayogawa mzunguko kwa tairi mbili, inafanya kazi kinyume: tairi zinasukuma krauni (gia kubwa ya duara), krauni inasukuma pinioni (gia ndogo ambayo kwa kawaida ndiyo inayoizungusha krauni), na uzito wote unapita kwenye upande wa jino ambao gari la tambarare huugusa kwa nadra. Mtu akitaka kujenga upya difu ya gari la milimani bila kuliwaza hilo, ataitengeneza vizuri kwa ajili ya barabara nyingine.

Nimekuwa nikisikia habari za kuboresha difu zikianzia kwenye nguvu tu. Weka loki ya kuzifunga tairi mbili zizunguke pamoja, weka hafushafti (shafti inayotoka difu kwenda kwenye tairi) nene, tafuta difu ya gari kubwa zaidi. Sipingi nguvu. Ila gari la kazi linahitaji kwanza vipimo sahihi, na linahitaji mjengaji afikirie ni nani atakayeifungua difu hiyo mara nyingine, yuko wapi na ana spana gani mkononi. Tuliyoyafanya kwenye Hilux ya baba mdogo yalitokana na mambo hayo mawili.

Gari lenyewe ni la miaka ya 1990, dizeli, injini aina ya 3L (hilo ni jina lake, ujazo ni lita 2.8), ekseli ngumu mbele na nyuma, 4x4. Lilianza kuvuma kwenye mteremko. Ukikanyaga mafuta linanyamaza, ukiachia linalia, sauti nyembamba inayopanda na kushuka na mwendo. Utingo alikuwa wa kwanza kuisikia kwa sababu yeye hukaa nyuma juu ya magunia. Kwa fundi tulifika jioni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Usizime. Mwambie dereva akimbize kidogo halafu aachie mafuta."

Alisikiliza, akaomba arudie, kisha akaingia chini ya gari na kuishika flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, kwa mikono miwili. Akaivuta kuja mbele, akaisukuma kurudi nyuma. Ilicheza. Kidogo sana, lakini pinioni haitakiwi kucheza hata kidogo kwenda mbele na nyuma. Mzee huyu alijifunzia kazi kwenye karakana za mashamba ya mkonge, enzi ambazo mashine haikutupwa mpaka ijulikane imekufa kwa nini.

Sauti za difu zina maana, na ni vizuri kila mwenye gari azijue kabla hajauziwa kitu. Mvumo wakati wa kukanyaga mafuta mara nyingi unaelekeza kwenye upande wa kuendeshea wa meno, au pinioni iliyokaa mahali si pake. Mvumo wakati wa kuachia mafuta, kama wetu, mara nyingi ni pinioni iliyolegea kwenye beringi zake. Mngurumo mzito usiojali kama unakanyaga au unaachia ni wa beringi. Sauti inayotokea kwenye kona tu iangalie kwenye spaida, kwa sababu zile gia ndogo za ndani hazizunguki kwenye mhimili wake mpaka tairi mbili zitofautiane mwendo. Au iangalie kwenye beringi za tairi. Na kishindo unapoingiza gia kinaweza hata kisiwe cha difu, kikawa cha krosi, yaani viungo vya propela shafti, ile shafti ndefu itokayo giaboksi kwenda difu. Nimeona difu nzima ikiuzwa kwa mtu ambaye shida yake ilikuwa krosi.

Sababu ya kulegea kwetu ilijulikana mapema. Miezi kadhaa nyuma sili ya pinioni ilivuja, ikabadilishwa kando ya barabara. Ili kuitoa sili ni lazima ufungue nati kubwa ya pinioni. Ndani, katikati ya beringi mbili, kuna kola laini ya chuma iliyotengenezwa ibonyee. Kiwandani nati hukazwa mpaka kola ibonyee kiasi kinachotakiwa, na beringi zibaki na mkazo maalumu. Ukiifungua nati ile na kuirudisha kwa kukisia, kuna mambo mawili: ukikaza kupita mahali pake kola inabonyea zaidi na beringi zinaungua, usipofikisha, pinioni inabaki huru. Yetu iliachwa huru. Gari likikanyagwa mafuta, meno yanaisukuma pinioni kuelekea mbele. Likiachiwa, yanaivuta kuingia ndani kwenye krauni. Kwa mteremko wa kilomita 30 na tani ya viazi mgongoni, ikawa inavutwa ndani kila safari.

Uzuri wa difu hii ya Hilux ya inchi 8 ni kwamba kichwa chote, yaani sehemu inayobeba krauni na pinioni, kinatoka kwa mbele. Unamwaga oili, unavuta hafushafti mbili, unafungua propela na nati za mzunguko, na kichwa kinawekwa mezani. Kazi ya vipimo haifanywi ukiwa umelala chali, mchanga unakuingia machoni.

Kabla ya kulegeza chochote, fundi alichukua ponchi akapiga alama: nukta moja kwenye kofia ya beringi ya kushoto na nukta moja kwenye mwili, nukta mbili kulia. Kofia hizo zilichongwa kiwandani zikiwa zimefungwa kwenye mwili huohuo. Ukizibadilisha upande, tundu la beringi halitakuwa duara tena. Meno ya zamani yalikuwa yameliwa upande wa kuzuia, yaani upande wa mteremko. Upande wa kuendeshea ulikuwa bado unang'aa vizuri. Nilimwomba baba mdogo aje aone, maana ilikuwa ni ramani ya barabara yetu imeandikwa kwenye chuma.

Sasa kujenga. Krauni na pinioni huuzwa kwa jozi, zimesagwa pamoja na zina namba moja. Usichanganye ya huku na ya kule hata kama idadi ya meno ni sawa. Krauni huwekwa kwenye maji ya moto, nyuzi kama 100, inatanuka na kuketi kwenye nyumba ya spaida bila nyundo. Bolti zake hukazwa kwa mzunguko wa kukatisha, kidogo kidogo, mpaka Nyuton mita 97 kwa difu hii, na zinafungiwa ili zisijifungue. Hayo ni rahisi. Kazi yenyewe iko kwenye mahali pa pinioni.

Pinioni inakaa juu ya shimu, washa nyembamba iliyo nyuma ya kichwa chake, chini ya beringi ya ndani. Shimu nene inaisogeza pinioni kuelekea katikati ya krauni, nyembamba inairudisha. Tofauti inayosikika kwa sikio ni sehemu ndogo ya milimita. Shida ni kwamba kila ukitaka kubadilisha shimu ni lazima beringi itolewe kwenye presi, na beringi mpya iliyotolewa mara tatu si mpya tena. Hapo fundi alifungua kopo la chai la zamani akatoa beringi aliyoitengeneza mwenyewe: beringi ya aina ileile, tundu lake limesagwa kidogo mpaka inaingia na kutoka kwa mkono. Hiyo ndiyo ya majaribio. Unapima nayo shimu zote unazotaka, na beringi mpya inagongwa mara moja tu, mwishoni. Ni kitu ambacho huwezi kukinunua dukani na thamani yake ni kubwa kuliko seti ya spana.

Kisha geji yenye mshale, ile inayosimama kwa sumaku. Ncha yake inagusa jino la krauni, pinioni imeshikwa isizunguke, na krauni inatikiswa. Mshale unakuambia uwazi uliopo kati ya meno. Kwa difu hii tunataka kati ya milimita 0.13 na 0.18. Ukiwa mkubwa, unasogeza krauni karibu na pinioni kwa nati za pembeni zenye matundu: unalegeza tundu moja upande huu, unakaza tundu moja upande ule, ili mkazo wa beringi ubaki ulivyo. Unapima sehemu kadhaa kuzunguka krauni, si moja. Mafundi wengi wazuri wanakisia uwazi huu kwa kidole, na kidole cha mtu mwenye uzoefu ni cha kuheshimiwa. Lakini sijaona kidole kinachotofautisha 0.15 na 0.25, na kwenye mteremko wetu tofauti hiyo ni difu mbili tofauti.

Baada ya hapo, rangi. Unapaka meno machache rangi ya alama, unaizuia krauni kidogo kwa mkono wako, unazungusha pinioni mbele na nyuma, halafu unasoma alama iliyobaki. Alama ikikaa chini kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno, punguza shimu. Ikikaa juu kwenye ukingo, pinioni iko mbali, ongeza shimu. Ikikimbilia ncha ya ndani au ya nje ya jino, rudi kwenye uwazi wa krauni. Ukigusa kimoja, kingine kinasogea, kwa hiyo unapima tena. Alama yetu ya kwanza upande wa kuendeshea ilikuwa nzuri, na hapo fundi wengi wangefunga. Mzee aligeuza krauni, akainama na tochi upande wa pili.

"Huku ndiko mnakoshukia," akasema. "Huku hakujakaa."

Alama ya upande wa kuzuia ilikuwa imekimbilia ncha moja. Tulirekebisha uwazi na shimu mpaka pande zote mbili zikakaa katikati, au karibu na katikati. Upande wa kuendeshea ulipoteza uzuri wake kidogo, na tuliridhika, kwa sababu gari hili linapanda nusu tupu. Mtu wa Dodoma au Morogoro angefanya uamuzi mwingine, naye angekuwa sahihi.

Kuhusu ile kola inayobonyea, hatukuirudisha. Tuliweka kola ngumu isiyobonyea, yenye shimu zake nyembamba. Ukitaka kuongeza mkazo wa beringi unatoa shimu, ukitaka kuupunguza unaongeza. Mkazo ukishapatikana, nati inakazwa kwa nguvu kamili na kipimo hakiondoki. Siku sili itakapovuja tena, hata ikiwa Mkumbara saa nne usiku, fundi yeyote mwenye spana na bomba ataitoa, ataweka mpya, atakaza mpaka nguvu zimwishie, na beringi hazitajua kama kuna kilichotokea. Kwangu mimi hilo ndilo boresho kubwa kuliko yote tuliyoyafanya, na ndilo lililogharimu kidogo.

Mkazo wenyewe tuliupima bila kifaa cha kigeni. Kamba imezungushwa kwenye flenji, ncha yake imefungwa kwenye mizani ya ndoano, ya kupimia samaki. Kwa beringi mpya tulilenga karibu Nyuton mita 2 za kuzungusha. Flenji ina nusu kipenyo cha sentimita 5 hivi, kwa hiyo kamba inapaswa kuvutwa na kilo 4 wakati pinioni inazunguka taratibu. Isomwe ikiwa inazunguka, si pale inapoanza kujongea, na kabla ya kuweka sili. Kwa beringi zilizokwishatumika ni kama nusu ya hapo. Kitabu cha gari lako kina namba yake, iheshimu.

Tukaja kwenye meno. Baba mdogo aliwahi kubadilisha tairi, akatoka 205R16 akaweka 265/75R16 ili gari linyanyuke kwenye makorongo. Tairi ya kwanza ina kipenyo cha karibu milimita 734, ya pili 804. Difu ya zamani ilikuwa na meno 41 kwenye krauni na 10 kwenye pinioni, yaani 4.1. Kwa tairi kubwa, gari likawa linatembea kama lenye 3.74. Ndiyo maana klachi ilianza kunuka kwenye kona za Soni, na ndiyo maana breki zilichoka mapema kushuka: injini iliyopoteza nguvu ya kupandisha imepoteza pia nguvu ya kuzuia. Tena spidomita ilikuwa ikimdanganya, ikionyesha 73 wakati gari liko 80.

Hesabu ni ya kawaida: 4.1 mara 804 gawanya kwa 734, unapata karibu 4.49. Toyota ana jozi ya meno 41 kwa 9, ambayo ni 4.556. Hiyo ndiyo tuliyotafuta, na spidomita sasa inazidisha kwa asilimia moja na kitu tu. Lakini gari ni la 4x4, kwa hiyo ekseli ya mbele nayo lazima iwe 41 kwa 9. Ukiweka mbele uwiano mmoja na nyuma mwingine, siku utakapoingiza gia ya mbele kwenye ardhi ngumu ekseli mbili zitavutana mpaka kitu kikatike. Jozi ya nyuma tulinunua mpya, ya mbele tulichukua kichwa kizima cha mtumba Ilala, baada ya kuhesabu meno yake sisi wenyewe pale dukani. Muuzaji alisema ni ileile, tulihesabu tu. Nyumba ya spaida ya nyuma tuliitafuta yenye spaida 4 badala ya 2, mzigo ule ule unagawanywa kwenye meno mengi zaidi.

Loki hatukuweka, na najua kuna watakaoshangaa. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa tairi mbili, kwa hiyo tairi moja ikiwa kwenye utelezi na haishiki kitu, ile nyingine nayo haipati kitu. Loki inaziunganisha zote mbili. Za hewa za ARB ya Australia na zile za umeme za Toyota mwenyewe ni vitu vizuri, zinafungwa na kufunguliwa ukitaka, na siku fedha ikipatikana nitakuwa wa kwanza kushika spana. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni kile kinachofanywa na watu wenye mashine ya kuchomelea: kuunganisha spaida kwa weldi ili tairi zizunguke pamoja daima. Kwenye shamba la matope gari litatoka. Kwenye kona ya lami yenye mzigo, tairi ya ndani inaburuzwa, hafushafti inasokotwa, na ekseli ya nyuma inasukuma gari liende moja kwa moja wakati usukani umekatwa. Barabara yetu ina korongo upande mmoja. Asiyewahi kushuka nayo akiwa amejaza asimfanyie mwenzake kazi hiyo.

Oili watu huichukulia kama jambo la mwisho, na hapa naomba msomaji atulie. Difu za kwanza zilikuwa na meno yaliyokutana katikati. Katikati ya miaka ya 1920, Gleason wa Rochester, New York, alitoa mashine za kuchonga meno yanayomwezesha pinioni kukaa chini ya mstari wa katikati ya krauni, na Packard akayaweka kwenye magari yake. Propela ikashuka, sakafu ya gari ikashuka, jino likawa refu na imara. Gharama yake ni kwamba meno hayo hayabingiriki tu, yanasuguana kwa kuteleza chini ya shinikizo kubwa. Oili ya kawaida inakamuliwa na kutoka. Ndiyo sababu ya GL-5, daraja la oili ya difu, iliyoandikwa kwenye galoni: ina kemikali za salfa na fosforasi zinazojenga utando juu ya chuma pale oili inaposhindwa. Oili ya injini iliyotumika, ambayo bado inamwagwa kwenye difu nyingi za malori ili "isipotee bure", haina ulinzi huo kwa kiwango kinachotakiwa. GL-5 nayo usiipeleke kwenye giaboksi yenye shaba ndani bila kusoma kitabu.

Kipumulio kilichukua nusu saa. Kile kikofia kidogo juu ya ekseli kilikuwa kimezibwa na udongo. Difu ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka. Isipopata njia inatoka kwa kusukuma sili, na huenda ndivyo sili yetu ilivyoanza kuvuja. Ukiingia mtoni ekseli ikiwa ya moto, hewa inasinyaa na kunyonya maji, na oili inageuka maziwa. Tulifunga mpira mrefu kutoka pale mpaka juu ya chesisi nyuma ya bodi, mwisho wake tukauelekeza chini.

Meno mapya yanataka kuzoeana. Safari za kwanza zilikuwa fupi, bila mzigo, kilomita 15 au 20 kwenye tambarare ya Mombo kuelekea Mazinde, halafu gari linaachwa lipoe kabisa. Joto hilo la kwanza na kupoa kwake ndiko kunakokamilisha kazi ya chuma, na anayepakia siku hiyohiyo anayaunguza meno ambayo hayajapata uso wao. Baba mdogo alikuwa na kabichi zikisubiri juu, akakodi gari la jirani kuzishusha. Kwenye kilomita 800 tulimwaga oili yote. Sumaku ya nati ya kumwagia ilikuwa na ujiuji mweusi laini, hakuna kipande chenye ukingo, na hilo ndilo lililokuwa likitafutwa. Tumeweka 85W-90 mpya, na mzigo wa kwanza kamili umeshashuka kutoka Mlalo kwa gia ya pili, huku utingo akiwa palepale juu ya magunia, kazi yake siku hiyo ikiwa ni kusikiliza tu.